Jinsi ya Kuchora Chati Ambayo Bugwema Haitaisoma

Takwimu za kata ya Bugwema, mkoani Mara, ni mali ya watu wa Bugwema. Mvua iliyopimwa ilinyesha kwenye mashamba yao, mihogo iliyohesabiwa waliipanda wenyewe, na fedha zinazosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ni michango yao na haki yao. Anayetaka kuwanyima takwimu hizo hana haja ya kufungia daftari kabatini. Achore chati mbaya, aibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, aende zake. Watu watapita, watasimama, watatazama, kisha wataondoka wakijua kile kile walichokuja nacho.

Mwongozo huu unafundisha kazi hiyo. Umeandikwa kwa kinyume, lakini hauna neno la mzaha: kila njia ya uharibifu nitakayoitaja inafanya kazi kweli, na wanaoitumia mara nyingi ni watu wema wenye haraka. Namzungumzia afisa ugani, mhasibu wa halmashauri, mwanafunzi wa shahada anayemalizia utafiti wake, mtafiti aliyekuja na madodoso na kuondoka nayo. Wote hao wanazidi kuitumia R, programu ya takwimu ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure. Kijana wa Butiama anaipakua kama anavyoipakua profesa wa London, bila kumlipa mtu yeyote, na anapata zana zile zile. Naipenda programu hii kwa dhati, ndiyo maana inaniuma kuiona ikichora vitu ambavyo mwenye shamba hawezi kuvisoma.

Tuanze na rangi, kwa kuwa hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. R inazijua rangi 657 kwa majina, na ukiona uvivu wa kuchagua, inakubali namba. Andika col = 2 upate nyekundu, 3 upate kijani, 7 upate njano. Hadi toleo la 4.0.0 lilipotoka Aprili 2020, namba hizo zilitoa rangi kali za skrini, nyekundu tupu na njano tupu, na kompyuta yenye toleo la zamani inatoa hizo hizo hadi leo. Ukitaka mtu wa Bugwema aachwe nje, upe mstari wa mahindi nyekundu, wa muhogo kijani, wa mtama njano, kisha usiifikirie kabisa safari ya karatasi.

Safari yenyewe iko hivi. Chati inachapishwa kwa rangi mara moja, Musoma au Bunda. Nakala za kwenda vijijini, Masinono, Muhoji, Kinyang'erere na Bugwema kwenyewe, zinatolewa kwenye mashine ya fotokopi ya duka la steshenari, nyeusi na nyeupe, kwa sababu kopi ya rangi ni ghali. Hapo kila rangi inageuka kiasi cha weusi. Kanuni ya kawaida ya kompyuta huchukua asilimia 29.9 ya wekundu, asilimia 58.7 ya ukijani na asilimia 11.4 ya ubluu, kisha huvijumlisha. Piga hesabu kwa kipimo ambacho 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe. Nyekundu tupu inatua kwenye 76. Kijani cha msitu, ambacho R inakiita forestgreen, kinatua kwenye 96. Mashine ya fotokopi ina tabia zake, lakini mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani hatazitenganisha hizo mbili. Njano tupu inatua kwenye 226, jirani kabisa na weupe wa karatasi. Mtama umefutika. Mkulima amebaki na mistari miwili inayofanana, na ufunguo wa chati wenye alama tatu, mojawapo haionekani.

Dawa yake inachukua dakika moja. Kabla ya kuituma chati popote, ichapishe kwa amri hii: pdf("jaribio.pdf", colormodel = "gray"). R itakuonyesha chati yako kwa kijivu kitupu, karibu na itakavyoonekana ukutani. Kama mistari haitengani hapo, hutaitenganisha kwa maelezo. Chagua rangi zinazopishana kwa ung'avu, moja nzito sana, moja ya kati, moja hafifu kiasi, na kila mstari uupe pia umbo lake, ili rangi ikipotea umbo libaki.

Kuna na wenye upofu wa rangi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani; kwa watu wa Afrika idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo, na wengi wao hawajui kwamba wanaona tofauti na wenzao, maana hakuna aliyewahi kuwapima. Kwenye mkutano wa kijiji wenye wanaume wengi, ni busara kuamini kwamba yupo mmoja. Masataka Okabe na Kei Ito wa Japani walipanga rangi 8 ambazo watu hawa wanaweza kuzitenganisha, na tangu toleo la 4.0.0 R inazo tayari: andika palette.colors() na utazipata bila kusakinisha kitu chochote. Siioni sababu ya mtu kuendelea na nyekundu na kijani baada ya kulijua hilo.

Wachoraji kutoka mbali hawalijui jambo jingine, na wa hapa hulisahau. Nchini Tanzania rangi zina wenyewe. Kijani na njano ni CCM. Bluu, nyekundu na nyeupe ni CHADEMA. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Bandika chati ya mapato na matumizi ya kijiji yenye nguzo za kijani na njano, na nusu ya wasomaji watauliza imetoka ofisi ya nani kabla hawajasoma namba hata moja. Nusu nyingine watakuwa wameshajijibu. Kwa fedha za umma natumia kahawia, rangi ya chungwa lililoiva, kijivu na nyeusi, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, hasa mwaka wa uchaguzi. Chati iliyozua ubishi wa vyama haisomwi tena, hata ingekuwa sahihi kiasi gani.

Chagua pia rangi ambazo watu wanaweza kuzitaja. Mwenyekiti wa kitongoji atampigia simu jirani yake aliyekwenda Bunda na kumwambia, angalia ule mstari wa damu ya mzee, umepanda. Watu wanaelewana kwa nyekundu, kahawia, zambarau, maji ya kunde. Lakini mistari miwili ikiwa ya aina mbili za samawati zinazokaribiana, hakuna atakayeweza kuuliza swali mkutanoni, maana hana jinsi ya kusema anaulizia upi.

Ramani za rangi za upinde wa mvua nitazipitia haraka. R inayo amri ya rainbow na inavutia sana. Ukitaka watu waone mipaka ambayo haipo, itumie kupaka ramani ya mvua ya mkoa wa Mara: njano itang'aa kana kwamba kuna jambo kubwa pale, wakati ni kiwango cha kawaida tu. Mwaka 2015 Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith walitengeneza viridis, inayokwenda kutoka giza hadi mwanga kwa hatua sawa, na inabaki na mpangilio wake hata kwenye fotokopi. Itumie hiyo.

Sasa mistari. Hapa ndipo nataka tukae.

R inautambua unene wa mstari kwa lwd na umbo lake kwa lty. Usipoigusa lwd, ni 1, na 1 ya R maana yake ni sehemu moja ya 96 ya inchi, kama milimita 0.26. Kwenye skrini unatosha. Kwenye kopi ya kopi unakatikakatika, na picha ikishapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp umebaki ukungu. Weka 3 kwa mstari mkuu, 4 kama chati ni ya ukutani. Hilo ni jepesi. Gumu ni pale unene wa mstari unapokutana na mhimili.

Wilaya ya Musoma Vijijini ina ufukwe mrefu wa Ziwa Victoria, na bonde la Bugwema limetajwa kwa muda mrefu katika mipango ya umwagiliaji kwa maji ya ziwa hilo. Kwa hiyo kiwango cha maji ya ziwa ni habari ya watu hawa. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,134 hadi 1,136 juu ya usawa wa bahari. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda karibu mita 2.5, likameza mashamba na mialo katika nchi zote tatu zinazolizunguka, na rekodi iliyowekwa wakati huo pale Jinja, Uganda, ilikuja kuvunjwa Mei 2020, maji yalipoingia tena majumbani. Fikiria sasa unaichora historia hiyo, na mtu amekufundisha darasani kwamba mhimili wa wima lazima uanzie sifuri. Unatii. Chati yako ina kimo cha sentimita 10, kutoka mita 0 hadi mita 1,136. Katika kimo hicho mita 2.5 zinachukua milimita 0.22. Mstari wenyewe una unene wa milimita 0.26.

Mafuriko yote ya 1961 hadi 1964 yameingia ndani ya unene wa mstari. Hakuna namba iliyobadilishwa, na hakuna mkaguzi atakayekukamata. Mtu aliyehamishwa na maji ataangalia ukutani na kuona ziwa lililotulia kwa miaka mia.

Kanuni ya sifuri ni ya nguzo. Nguzo inasema kiasi kwa urefu wake wote, kwa hiyo ukiikata miguu umesema uongo: gunia 8 na gunia 9 kwa ekari, mhimili ukianzia 7, zinaonekana kama moja ni mara mbili ya nyingine. R yenyewe huanzisha nguzo sifuri, na anayetaka kuiharibu inabidi ajitahidi. Mstari ni jambo tofauti. Mstari unasema mabadiliko, kupanda na kushuka, kwa hiyo upe mhimili unaolingana na mabadiliko yanayowagusa watu. Kwa ziwa, anzia chini kidogo ya kiwango kidogo kabisa kilichowahi kupimwa, na uandike wazi kwamba mita 1 kwenye mhimili ni mita 1 ukutani mwa nyumba. Mtu atajipimia mwenyewe.

Jambo la pili la mistari ni mwezi uliokosekana. Msoma kipima mvua ameugua, au chombo kimevunjika, na Machi yote hakuna kilichoandikwa. Kwenye jedwali la kompyuta mtu mwenye kupenda unadhifu anajaza 0, maana pengo linamkera. Ukitaka kuleta ukame ambao haukutokea, fanya hivyo hivyo. Mstari utaanguka hadi sakafuni mwanzoni mwa masika, miezi ambayo Bugwema inaitegemea kwa kupanda, kisha utainuka Aprili kana kwamba mbingu zilifungwa kwa makusudi. Miaka mitano baadaye mtu atasoma chati hiyo Dodoma na kuandika kwamba mwaka ule Musoma ilikuwa na ukame wa Machi.

Njia ya kinyume inaharibu vilevile kwa upole: futa safu zenye mapengo kabla ya kuchora, na R itaunganisha Februari na Aprili kwa mstari ulionyooka, ikitoa mvua ya Machi ambayo hakuna aliyeipima. Iliyo sahihi ni rahisi kuliko zote mbili. Acha NA, alama ya R ya kitu kisichopimwa, ibaki NA. R ikikutana nayo inakata mstari, na pale palipokatika pana ukweli: hatukupima. Nimeshasikia watu wakisema pengo linaifanya chati ionekane ya kizembe. Mimi naona pengo ni alama ya heshima kwa msomaji, na linawaambia waliopo ofisini kwamba kipima mvua kinahitaji mtu wa pili wa kukisoma.

Umbo la mstari nalo lina maana. R ina maumbo 6: mzima, wa vipande, wa nukta, wa nukta na vipande, wa vipande virefu, na wa vipande viwili viwili. Ukitaka kuchanganya watu, yatumie yote sita kwenye chati moja, na ufunguo uweke pembeni kwa herufi ndogo. Jicho litakwenda kwenye ufunguo, litarudi, litasahau, litakwenda tena. Kwa nini usiandike jina la zao kwenye ncha ya mstari wake? Amri ya text inafanya hivyo, na ufunguo hauhitajiki tena. Mstari mzima uwe wa kilichopimwa. Mstari wa vipande uwe wa makisio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na wa masika, na watu wa Bugwema wanaufuatilia kwenye redio. Ukichora utabiri na mvua halisi kwa mstari wa aina moja, umemwondolea mkulima nafasi ya kuona ni mara ngapi vilikubaliana, na hilo ndilo analotaka kulijua kabla ya kununua mbegu.

Miezi pia. Hili si la mistari hasa, lakini linaiharibu chati kuliko rangi yoyote. Miezi ukiiandika kwa maneno ya Kiswahili, R itaipanga kwa alfabeti bila kukuuliza: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, Septemba. Vuli na masika zitavurugwa, kiangazi kitakaa katikati ya mvua, na chati itakuwa na milima na mabonde ya kupendeza yasiyo na maana yoyote. Iambie R mpangilio kwa amri ya factor na levels, Januari hadi Desemba, mara moja tu mwanzoni mwa kazi.

Tufike kwenye herufi, ambazo kwangu ni suala la haki.

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1970 aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwanza likachapishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya watu wa vijijini waliokuwa wamejifunza kusoma ukubwani. Novemba 1974, Musoma hapa hapa, likapitishwa azimio la kutaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 utekelezaji ukaanza nchi nzima. Taifa maskini lilitumia fedha na jasho jingi ili mtu wa Bugwema aweze kusimama mbele ya karatasi na kuisoma mwenyewe. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza mwaka 1977 leo amevuka miaka 50. Macho yake ya karibu yameanza kuchoka, na miwani si kila mtu anayo. Ukitaka kuifuta kazi yote hiyo kwa mtu mmoja mmoja, mwekee herufi za pointi 6.

Kuzifikia pointi 6 hakuhitaji nia mbaya. R inachora kwenye mraba wa inchi 7 kwa inchi 7, herufi za pointi 12. Unaipeleka picha kwenye ripoti, unaipunguza hadi nusu ili ienee, na herufi zimeshakuwa 6. Ukitumia kifurushi cha ggplot2 cha Hadley Wickham, ambaye naye ni mtu wa New Zealand, namba za mihimili zinaanzia pointi 8.8 kabla hujapunguza chochote, tena ni za kijivu, usuli wa chati yenyewe ni wa kijivu pia, na kijivu hicho fotokopi hukigeuza vumbi. Ongeza theme_bw(base_size = 24) na usuli utakuwa mweupe, herufi zitakua.

Kipimo cha ukutani ni hesabu ya shule ya msingi. Herufi ya pointi 12 inasomeka vizuri ukiishika karatasi sentimita 40 kutoka usoni. Ubaoni watu wanasimama kama mita 1.6 mbali, mara nne ya hapo, kwa hiyo herufi inataka kuwa mara nne: pointi 48. Itakubidi utumie karatasi ya A3 na ufute mambo mengi. Hiyo ni faida. Chati ya ubaoni haina nafasi ya mambo saba.

Lakini ukikuza herufi angalia Kinyang'erere. Chati ya nguzo ya vijiji vinne vya kata ina majina mafupi matatu na hili moja refu. R ina tabia ya kuacha kuandika jina ambalo litagongana na la jirani yake, na inafanya hivyo kimya, bila onyo. Nguzo inabaki, jina linaondoka. Watu wa Kinyang'erere watakuja kwenye mkutano wa kata na kuona vijiji vitatu vyenye majina na nguzo moja isiyo na mwenyewe, na watauliza, kwa haki kabisa, kwa nini wao wamefutwa. Laza nguzo kwa horiz = TRUE, laza na majina kwa las = 1, kisha panua pambizo la kushoto: la kawaida ni mistari 4.1, halitoshi, na usipolipanua utakata jina kichwani. Weka mar = c(5, 11, 3, 2) na jina litakaa zima.

Jina hilo hilo lina mtego wa pili. Ukiliandika ndani ya alama moja za kunukuu, R inadhani maneno yameishia kwenye ile alama ya ng', na kazi yote inakwama. Tumia alama mbili. Na jedwali likiwa limechapwa na watu wawili, mmoja kwa simu na mmoja kwa kompyuta, alama ya ng' ya mmoja itakuwa imejikunja na ya mwingine imenyooka. Kwa macho ni jina moja. Kwa R ni vijiji viwili, kila kimoja na nusu ya kaya zake, na kata ya vijiji vinne imepata cha tano. Kabla ya kuchora lolote, hesabu majina kwa amri ya table, halafu sawazisha.

Namba nazo ni herufi. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ya Agosti 2022 ilihesabu 61,741,120. Zichore kama nguzo mbili bila kugusa chochote na R itaandika pembeni vitu kama 0e+00, 2e+07, 6e+07. Hakuna njia safi zaidi ya kumwambia mzee kwamba sensa aliyohesabiwa haimhusu. Andika options(scipen = 999) juu kabisa ya kazi yako, na uzitenge elfu kwa mkato kama tunavyoandika sote. Bora zaidi, gawanya kwa milioni na uandike "milioni 62".

Hifadhi ya picha ina desturi yake mbaya: amri ya png isipopewa vipimo hutoa picha ya pikseli 480 kwa 480. Kwa simu ni ndogo, kwa karatasi ni aibu. Toa upana 2400 na kimo 2400, na res = 300, au tumia pdf.

Halafu kuna maneno yenyewe. Chati ya Bugwema iandikwe Kiswahili, kichwa hadi mguu, na kichwa cha habari kiseme kilichoonekana: "Muhogo wa Masinono umeshuka tangu ugonjwa wa batobato uingie", kama hivyo ndivyo data inavyosema. Vipimo viwe vya watu. Ripoti zinasema tani kwa hekta. Shambani watu wanasema gunia kwa ekari. Tani 1 kwa hekta ni karibu gunia 4 za kilo 100 kwa ekari, na kugeuza hivyo ni mstari mmoja wa R. Chini kabisa andika nani alipima, mwezi gani, kwenye mashamba mangapi, na ofisi ya kuuliza ni ipi, kwa herufi zinazosomeka kama zile za juu. Swali la kwanza mkutanoni litakuwa kama gunia lililohesabiwa ni la kilo 100 au ni lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi. Jibu lake liwepo kwenye chati.